Kutunza Mazingira kwa Kipato Kidogo: Majibu kwa Wasomaji

Kila siku tunahimizwa kutumia nishati safi, lakini mtungi wangu wa gesi ukiisha katikati ya mwezi hurudi kwenye mkaa. Je, kuna ninaloweza kufanya bila kununua kifaa kipya? (Msomaji, Mbagala)

Lipo, na katika nyumba nyingi hakuna mahali ambapo fedha na misitu huteketea pamoja kama jikoni. Mkaa mwingi unaouzwa mjini huchomwa katika matanuri ya udongo ya kienyeji, ambayo mara nyingi hula kilo 6 hadi 10 za kuni ili kutoa kilo 1 tu ya mkaa. Kwa hiyo, kisado kimoja unachookoa kina uzito mkubwa kuliko unavyoonekana mkononi.

Anza na maharage, kwa kuwa hukaa motoni muda mrefu. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha yabandike kwa maji mapya katika sufuria yenye mfuniko unaokaa sawasawa. Yakishachemka kwa nguvu kwa dakika 30, epua sufuria bila kuifunua, uiweke ndani ya kapu kubwa lililojazwa blanketi kuukuu au majani makavu ya migomba, uifunike kwa mto na kuiacha kwa saa 3 au 4, ili joto lililomo limalizie kazi bila moto. Usiufupishe mchemko wa mwanzo, hasa kwa maharage mekundu, kwani yana sumu ya asili ambayo joto la wastani haliiondoi; na chakula kikishakuwa vuguvugu, kichemshe tena kabla ya kupakua. Wali nao huiva vizuri katika kapu hilo, na gesi inayotumika kwa njia hii hudumu zaidi.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Hadi wakati huo wengi wataendelea kuchanganya gesi na mkaa, nami siungi mkono tabia ya kumsimanga mama wa nyumbani kwa jambo lililo juu ya uwezo wa mfuko wake.

Umeme wa luku unaisha haraka. Nibadilishe nini kwanza? (Msomaji, Morogoro)

Badilisha taa, ikiwa bado unatumia globu za zamani za waya. Globu ya wati 60 inayowaka saa 5 kila usiku hula uniti 9 kwa mwezi, ilhali taa ya LED ya wati 9, yenye mwanga unaokaribiana nayo, haifikishi uniti moja na nusu. Baada ya taa tazama pasi, na unyooshe nguo za wiki nzima kwa mkupuo mmoja badala ya kuiwasha kila asubuhi kwa shati moja. Chaja ya simu, ambayo katika nyumba nyingi ndiyo inayozua ugomvi, hutumia umeme mdogo mno.

Mfuko gani ni bora baada ya ile ya plastiki kupigwa marufuku? (Msomaji, Mombasa)

Ni ule ulio nao tayari. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017 na Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019, lakini mingi ya mifuko mbadala inayofanana na kitambaa imetengenezwa kwa polipropilini, ambayo nayo ni plastiki. Ukiutumia mara moja na kuutupa, hujaokoa chochote. Kikapu cha ukindu kinadumu zaidi.

Nimepanga chumba kisicho na uwanja. Taka za jikoni zinanuka, na jirani huchoma kila kitu. Tufanyeje? (Msomaji, Mwanza)

Tenganisheni kwanza, kwa sababu kinachonuka ni mabaki ya chakula na kinachotoa moshi wenye sumu ni plastiki. Vikikaa mbalimbali, kila kimoja kina njia yake, na chupa za plastiki zina wanunuzi. Maganda ya ndizi, viazi na mboga yawekwe katika ndoo kuukuu iliyotobolewa matundu chini na ubavuni, kila tabaka likifunikwa kwa majani makavu au maranda ya mbao. Msitie nyama, samaki wala mafuta. Ndoo ikinuka, ongezeni vitu vikavu na mgeuze. Baada ya miezi michache mtapata mboji ya kuchanganya na udongo ndani ya gunia, ambamo mchicha na matembele hustawi hata kwenye kibaraza, mradi jua lifike.

Je, kukinga maji ya mvua kuna faida kwa nyumba ndogo? (Msomaji, Tanga)

Kuna faida kubwa. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, hivyo paa la mita 30 za mraba hupokea lita 600 katika mvua ya milimita 20, ingawa sehemu yake hupotea njiani. Maji ya mwanzo yaache yapite yasafishe bati, na yanayobaki yatumie kwa kufua, kupiga deki na kumwagilia. Pipa lifunikwe, kwa kuwa mbu anayeeneza homa ya dengi hutaga mayai katika maji ya aina hiyo yakiachwa wazi; tumia wavu wa madirishani, wala si chandarua chenye dawa.