Miezi mitano Bologna, na bado wananijibu kwa Kiingereza

SWALI

Shikamoo Mama. Nina miaka 25, natoka Mombasa, na nasomea shahada ya uzamili hapa Bologna. Masomo yangu yote ni kwa Kiingereza. Kiitaliano nilianza kujifunza kwa programu ya simu hata kabla ya kupata viza, na sijaruka siku. Lakini nikifungua kinywa dukani najibiwa kwa Kiingereza, na anayenijibu kwa Kiitaliano simshiki hata neno. Jumamosi hupanda treni peke yangu. Nimeona Venezia, Firenze na Roma, na kote nimerudi bila kuzungumza na mtu ila mkaguzi wa tikiti. Nyumbani mama hapati usingizi kwa sababu ya hizi safari za peke yangu. Sasa msichana ninayekaa naye amenialika chakula cha Jumapili kwa bibi yake, Forlì. Bibi hajui Kiingereza, nami nguruwe sili. Nimeshatunga udhuru wa kutokwenda. Je, nisubiri lugha iive kwanza?

Msomaji wako, Bologna

JIBU

Marahaba, mwanangu. Huo udhuru ufute leo hii. Huko Forlì nitakurudisha baadaye, ila kwanza nikueleze kwa nini hiyo meza ya bibi ina thamani kuliko miezi yako yote ya simu.

Mimi nilizaliwa Malindi, na Malindi unaijua: Waitaliano wamejenga, wamefungua mikahawa, wamezeeka pale. Watoto wa ufukweni tulikuwa na "ciao bella" na "andiamo" kinywani kabla ya kujua hesabu za kuzidisha. Kwa hiyo nilipokwenda kusoma kwenye Chuo cha Wageni cha Perugia nilijiona tayari ninacho Kiitaliano. Nilipanga chumba kwa mzee mmoja, mjane wa miaka themanini na kitu. Asubuhi ya kwanza nikamkuta jikoni, nikamwambia kwa furaha, "Ciao, come stai?", yaani mambo, u hali gani? Akanitazama, akarudia kahawa yake. Wiki nzima nyumba ile ilikuwa baridi. Mwishowe mwanawe akaniweka kitako akanieleza: mzee nimemwamkia kama rika langu. Fikiria mtoto wa jirani amkute bibi yako barazani amwambie "Mambo?" Mimi niliyelelewa kwa shikamoo ndiye niliyefanya hivyo, na iliniuma sana.

Programu yako bila shaka imekufundisha "tu", yaani "wewe" ya rika na jamaa. Mtu usiyemjua, mzee, mwenye duka, dereva wa basi, karani, huambiwa "Lei", "wewe" ya heshima, na kitenzi hugeuka kana kwamba unamzungumzia mtu wa tatu: si "come stai" bali "come sta", si "scusa" bali "scusi", samahani. "Ciao" ni ya uliyezoeana naye. Kwa wengine ni "buongiorno", na kama hujui uishike ipi, "salve" itakusitiri. Ukiingia dukani salimia kabla ya kuuliza bei. Huo ni mwenendo wetu pia. Usiuache kwenye sanduku kwa vile umevuka bahari.

Na Lei si heshima unayoitoa tu, ni heshima unayoweza kuidai. Katika ofisi moja karani alikuwa anawaambia wote walionitangulia "Lei". Ilipofika zamu yangu, mwanamke pekee mweusi katika foleni ile, akasema, "Tu cosa vuoi?" Wewe unataka nini. Sikugomba. Nikamjibu, "Buongiorno. Lei mi può aiutare con questo modulo?" Waweza kunisaidia na fomu hii? Akanirudishia "tu", nikamrudishia Lei, wazi na polepole, mpaka watu wakageuka kutazama. Mara ya tatu akabadilika. Jambo hili litakukuta, mwanangu, na ninataka likukute ukiwa na maneno tayari.

Sasa, kwa nini wanakujibu kwa Kiingereza? Mara nyingi wanadhani wanakusaidia. Ukisema "non capisco", sielewi, ukanyamaza, umemfungulia mlango akikimbie Kiitaliano chake. Kamata neno moja umuulize hilo: "Scusi, cosa vuol dire scontrino?" Samahani, scontrino maana yake nini? Atakueleza kuwa ni risiti, na atakueleza kwa Kiitaliano, kwa sababu umemfanya mwalimu. Au mwambie tangu mwanzo, "Sto imparando l'italiano, possiamo parlare in italiano?" Najifunza Kiitaliano, tuzungumze kwa Kiitaliano? Sijapata kukutana na mtu aliyekataa, isipokuwa mwenye foleni ndefu nyuma yangu, na huyo alikuwa na haki yake.

Kushindwa kushika maneno kunatibika, na sisi tunaanza na mtaji. Mwingereza huhangaika kwamba "libro rosso" ikiwa vingi ni "libri rossi". Wewe umekua na kitabu chekundu, vitabu vyekundu, upatanisho hauwezi kukutisha. "Parlo, parli, parla" ni nasema, wasema, asema: mtenda yumo ndani ya kitenzi, huna haja ya kumtaja. "Dimmi" ni niambie. "Aspettami" ni nisubiri. Na "prego" ndiyo "karibu" yetu kabisa: hujibu asante, humpisha mtu mlangoni, humkaribisha mezani. Wanafunzi wenzangu kutoka Ulaya walilitafuta neno hilo katika kamusi wakaambiwa maana sita. Mimi nilikuwa nalo tangu kwetu.

Palipo pagumu ni konsonanti mbili. Sisi tunavuta irabu, tunajua kufa si kufaa. Wao wanakaza konsonanti. "Pena" ni huzuni, "penna" ni kalamu. "Casa" ni nyumba, "cassa" ni pale unapolipia. "Sete" ni kiu, "sette" ni saba. Ikaze, ngoja kidogo, ndipo uiachie. Na usisome kwa macho ya Kiswahili: "che" yao hutamkwa ke, "chiesa" ni kiesa, na "ci" ndiyo chi yetu. "Gn" ni ny ya nyumba, hiyo hata usiifanyie mazoezi.

Saa nazo, zichunge. Mara ya kwanza kualikwa chakula Perugia niliambiwa "alle sette e mezza". Sette ni saba, nikajiambia, basi ni saa saba u nusu. Nikaenda mchana, na ua mkononi, nikakuta mlango umefungwa, nikarudi chumbani nikalia nikidhani wamenibadilikia. Jioni wakanipigia simu: mbona hufiki? Ilikuwa saa moja u nusu usiku. Tangu hapo kila saa ya Kiitaliano naiona kwanza kwenye uso wa saa ndipo naitia katika Kiswahili.

Lakini tatizo lako kubwa si sarufi. Lugha yao ina maneno mawili ambayo nakuona umeyachanganya. "Viaggio da sola" ni nasafiri peke yangu. "Mi sento sola" ni naona upweke. La kwanza halina kasoro. La pili ndilo linalokunyima Kiitaliano, kwa kuwa kila Jumamosi unakwenda mji ambao hakuna anayekutazamia, tena miji iliyojaa watalii, ambako mhudumu anaanza na Kiingereza kabla hujaketi. Badala yake, uwe mtu wa mahali. Chagua baa moja ya mtaani kwako, maana kwao baa ni mahali pa kahawa, uende kila siku saa ileile, unywe kahawa ukiwa umesimama kaunta; ni nafuu kuliko kukaa mezani, na kaunta ndiyo baraza yao. Wiki ya kwanza utasema "un caffè, per favore". Wiki ya tatu wataitayarisha wakikuona mlangoni. Siku utakayokosa watakuuliza ulikuwa wapi, na hapo ndipo wakati uliopita utakapokuingia, maana utakuwa na jambo la kueleza na mtu anayetaka kulisikia. Fanya hivyo na sokoni pia, kwa muuza jibini mmoja tu. Jifunze kuomba kwa "etto", yaani gramu 100: "due etti di pecorino", gramu 200 za jibini ya kondoo.

Tena uko Bologna! Huko kuna wazee ambao mji umewapa jina lao, "umarell", vijibaba wanaosimama mikono nyuma kutazama mafundi wakichimba barabara. Simama kando yao uulize, "Scusi, cosa costruiscono?" Samahani, wanajenga nini? Mzee mstaafu hana haraka, na anasema sentensi nzima. Ukiona unachoka kusikiliza, nenda maktaba ya Salaborsa, kando ya Piazza Maggiore; kuingia ni bure, na vitabu vya watoto vina sentensi za kipimo chako. Kozi nayo usiidharau: uliza kituo cha lugha cha chuo chenu, au zile shule za serikali za watu wazima ziitwazo CPIA. Mimi kozi ilininyoosha vitenzi. Kunifungua kinywa, hapana.

Safari usiache. Mwambie mama mimi nilizunguka miaka peke yangu. Ila Jumamosi moja acha Venezia, upande Regionale, treni ya mkoa, uende Faenza, au Imola, au Ferrara ambako watu wazima kwa watoto wamo juu ya baiskeli. Mji mdogo hukulazimisha kusema. Tikiti ya karatasi ya Regionale igonge kwenye mashine kabla ya kupanda, la sivyo utatozwa faini. Likitangazwa "sciopero", mgomo, siku za kazi treni za mkoa zina vipindi vya uhakika: saa 12 hadi saa 3 asubuhi, na saa 12 jioni hadi saa 3 usiku. Namba ya dharura ni 112. Ipo na 1522, ya wanawake wanaofuatwa au kutendewa ukatili, bure, usiku na mchana. Iandike kwenye simu sasa. Mwanamume akikuganda kwenye behewa, mwambie kwa sauti ya kusikika, "Mi lasci in pace." Niache kwa amani. Hiyo ni Lei, na ndiyo nguvu yake: wote walio karibu wanajua papo hapo kwamba mtu huyu si wako. Ukisema "lasciami" wanaweza kudhani ni ugomvi wa wapenzi wakaachana nanyi.

Haya, Forlì. Ni chini ya saa moja kwa treni. Habari ya chakula mwambie mwenzako katikati ya wiki, si mezani, kwani bibi wa Romagna, mkoa wa huko Forlì, huanza kukanda unga mapema. "Non mangio maiale", sili nguruwe, haitoshi. Taja "prosciutto", paja la nguruwe lililokaushwa, taja "strutto", mafuta ya nguruwe, ambayo hutiwa hata kwenye piadina, mkate wao. Ragù, mchuzi wa nyama, mara nyingi ina "pancetta", nyama ya tumbo la nguruwe, na tortellini za Bologna, tambi zilizojazwa, ndani yake ni nguruwe. Kama nyama ambayo hukujua ilichinjwa vipi huli, fupisha: "Non mangio carne, ma mangio pesce, uova, formaggio e verdura." Sili nyama, ila nala samaki, mayai, jibini na mboga. Hapo umemwachia bibi uwanja mpana, na atafurahi kuutumia.

Ukiambiwa "all'una" ni saa saba mchana. Ukinunua maua yasiwe krisanthemamu, hayo ni ya makaburini. Afadhali umpelekee majani ya chai na iliki ya nyumbani, umwombe jiko uipike mwenyewe. Atauliza hii ni nini, utajibu "cardamomo", atauliza inapandwa wapi, mama yako huitia katika nini, na mchana utapita. Mwite "signora" na Lei mpaka yeye mwenyewe aseme, "dammi del tu", niite "tu".

Na ukifika mlangoni, hata ukiwa wazi, usiingie. Wanayo hodi yao. Simama, sema "Permesso?", ungoje mpaka usikie kutoka jikoni, "Avanti, avanti!" Karibu, ingia!