Pawa stelingi inavuja? Usikimbilie kununua pampu

Pole sana mkuu. Umesema Mark II yako GX110 inalia ukikata kona, usukani mgumu asubuhi, na unakuta matone mekundu chini upande wa mbele, na fundi anataka ununue pampu ya pawa stelingi (inayosukuma oili ili usukani uwe mwepesi). Subiri kwanza, usitoe hela.

Toyota nyingi za umri huo zinaweka ATF (oili ya gia boksi otomatiki) kwenye pawa stelingi ndo maana ni nyekundu, ila gia boksi otomatiki nayo oili yake nyekundu, kwa hiyo cheki kikopo cha oili ya pawa, oili isiposhuka humo basi inavuja kwingine. Halafu osha kote, kausha, tandika boksi la karatasi chini, washa gari, mwenzako azungushe usukani kulia na kushoto wewe ukimulika tochi, asiubane mwisho zaidi ya sekunde 5 na mikono yako ikae mbali na mikanda.

Yangu ilikuwa mpira wa kurudisha oili, klipu imelegea tu, nikaweka klipu mpya, kuvuja kukaisha. Ila mpira wa presha (unaotoa oili kwenye pampu) ukichanika usiufunge na raba, nunua mwingine. Ukikuta oili imejaa ndani ya zile raba za mikunjo pembeni mwa reki (chuma kinachosukuma matairi yakate kona), sili zimekufa, hiyo mpelekee fundi wa reki.

Ukimaliza jaza ATF, inua matairi ya mbele, zungusha usukani mara kadhaa injini imezimwa ili hewa itoke, ndo uwashe.

Usiendeshe kikopo kikiwa kikavu, pampu itakufa kweli, na oili ikidondokea ekzosi ya moto inaweza kuwaka.