Bibi alichota maji matamu pembeni ya bahari, mbona kisima chetu chumvi?

SWALI: Kaka mhariri habari za kazi. Kisima chetu hapa Mbagala kilianza vizuri ila sasa hivi ni chumvi tupu, sabuni haitoi povu, ya kunywa tunanunua kwa dumu. Bibi anasema kijijini kwao kisima kilikua karibu kabisa na bahari na maji matamu. Inawezekanaje? Na nikiyachemsha chumvi inapungua?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Dada, bibi yuko sahihi kabisa. Mvua ikinyesha maji yanazama kwenye mchanga na mawe ya matumbawe, na kwasababu maji baridi (yani yasiyo na chumvi) ni mepesi kuliko ya bahari yanakaa juu yake kama mafuta kwenye mchuzi. Wataalamu wanakadiria kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari ina kama mita 40 nyingine za maji hayo chini ya usawa huo. Ukikaribia ufukwe hicho kimo cha juu kinapungua, kwaiyo hilo tabaka linakua jembamba kweli. Wazee walichimba kifupi tu, wakajengea mawe, wakachota kwa ndoo na kamba, yani kasi ya kuchota ilikua ya mkono wa mtu na kisima kinapata muda wa kujaa tena. Nenda magofu ya Kaole pale Bagamoyo uone, kisima cha maji baridi na bahari iko hapo hapo. Misikiti ya zamani ya pwani nayo ilikua na kisima chake na birika la kutawadhia, maana bila maji hakuna udhu.

Sio kwamba hawakupata shida lakini. Gedi, karibu na Malindi, mji ulihamwa kwenye karne ya 17 na moja ya sababu zinazotajwa ni maji ya visima kushuka.

Sasa nyie na majirani wote mna pampu za umeme (na kila mpangaji ana simtanki lake!), mnavuta haraka, ya baridi yanaisha afu ya chumvi yanapanda kutoka chini. Fundi akikwambia ongeza kina usikubali kirahisi, unaweza kuifuata chumvi yenyewe. Vile visima vya Kimbiji kule Kigamboni, vya mamia ya mita, ni tofauti, vinachota tabaka jingine kabisa la maji.

Kuchemsha kunaua vijidudu tu, chumvi inabaki, tena inakolea maana maji yanapungua. Vuta kidogo kidogo, pumzisha pampu, na peleka sampuli maabara ya maji kabla hujamlipa fundi yeyote.