Je, Latimer Ndiye Aliyevumbua Balbu?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu. Niliwafundisha wanafunzi wangu kwamba Lewis Latimer, Mmarekani mweusi, ndiye aliyevumbua balbu ya umeme, na kwamba Garrett Morgan ndiye aliyevumbua taa za kuongozea magari. Mzazi mmoja amenijia akisema kwamba hayo si kweli. Je, nimewapotosha watoto? Na mbona majina ya wavumbuzi weusi ni machache hivyo?

JIBU: Ndugu Mwalimu, habari ulizozipokea zilikuwa zimekwisha kutiwa chumvi, nami nasikitika kwa sababu watu hao hawakuhitaji kuongezewa sifa. Balbu ilikuwapo kabla ya Latimer, lakini uzi wake wa kaboni, ule unaotoa mwanga, ulikuwa ukivunjika kwa urahisi wakati wa kutengenezwa kwa kuchomwa. Mwaka 1882 Latimer alipewa hataza (haki ya kisheria anayopewa mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake) ya kuuchoma uzi huo ukiwa ndani ya bahasha ya kadibodi, iliyotanuka na kunywea pamoja nao. Mtu huyo, ambaye wazazi wake walitoroka utumwani Virginia, alijifundisha mwenyewe uchoraji wa mitambo, na ndiye aliyechora michoro ya hataza ya simu ya Alexander Graham Bell mwaka 1876.

Morgan naye aliishi Cleveland, mji uliokuwa na taa za umeme za kuongozea magari tangu 1914. Hataza yake ya 1923 ilihusu nguzo yenye mikono, iliyoweza kusimamisha magari ya pande zote kwa pamoja ili waendao kwa miguu wapate kuvuka.

Ningekuwa mimi, ningeanza somo na kiatu. Jan Matzeliger, mzaliwa wa Suriname, alifanya kazi viwandani huko Lynn, Massachusetts, wakati ambapo kuivuta ngozi juu ya kalibu (umbo mfano wa mguu) na kuipigilia kwenye soli kulifanywa kwa mkono, na fundi hodari alimaliza jozi 50 hivi kwa siku. Michoro ya mashine yake ilikuwa tata mno hata ofisi ya hataza ikamtuma mtu kwenda kuitazama kwa macho yake ikifanya kazi. Alipewa hataza mwaka 1883, na mashine hiyo ikafikia hadi jozi 700 kwa siku. Mwenyewe alifariki mwaka 1889, akiwa na umri wa miaka 36 tu.

Kuhusu uchache wa majina, sababu moja kubwa ni sheria. Mtumwa mmoja wa Mississippi, anayetajwa kwa jina la Ned tu, alibuni zana ya shamba la pamba, na bwana wake, Oscar Stuart, akaiombea hataza. Mwaka 1858 mwanasheria mkuu wa Marekani aliamua kwamba uvumbuzi wa mtumwa haupewi hataza: mtumwa hakuhesabiwa kuwa raia, na bwana hakuwa mvumbuzi. Stuart aliendelea kuiuza zana hiyo.

Hata baada ya utumwa kukomeshwa, hataza hazikuonyesha rangi ya mwenyewe. Henry Baker, mkaguzi mweusi katika ofisi ya hataza, alishiriki mnamo 1900 katika kuwaandikia barua mawakili wa hataza, akiwauliza ni wateja wao gani walikuwa weusi. Mengi ya majina tunayowafundisha watoto leo yalipatikana katika majibu ya barua hizo.