Jibu: Nani anasimamia Mto Mirongo?

Ndugu, umeuliza uende kwa nani kuhusu jirani anayemwaga kifusi ukingoni mwa Mto Mirongo kule Mabatini, jijini Mwanza, na kama MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, wanahusika. Hapana. MWAUWASA wana mabomba, majisafi na majitaka, na anayewadhibiti ni EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji. Mto wenyewe uko chini ya Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria, ofisi yao ni hapa hapa Mwanza. Sheria ya Rasilimali za Maji ya 2009 ndiyo inayowapa nguvu: anayetaka kuchota maji kwa pampu, kuchepusha mto au kumwaga majitaka humo lazima awe na kibali chao.

Hilo la ukingo limo pia kwenye Sheria ya Mazingira ya 2004. Mita 60 kutoka kingo za mto au ziwa, hakuna shughuli ya kudumu. Kwa hiyo peleka barua kwa Bodi, nakala kwa NEMC, taasisi ya taifa ya usimamizi wa mazingira, na kwa mtendaji wa kata. Piga picha kifusi kabla mvua hazijakisomba, na hakikisha barua yako inagongwa muhuri wa kupokelewa. Usikubali kuambiwa "tumekusikia" tu.

Tafadhali usichelewe. Mirongo ni mwembamba, na mvua ikinyesha milimani maji hushuka kwa kasi. Chupa na viroba vikishaziba chini ya daraja, yanaingia majumbani, na watoto wa shule huvuka papo hapo.

Kamisheni ya Kisumu uliyoitaja, yaani Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, ni ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, inaratibu miradi ya nchi wanachama. Kifusi cha mtaani hakifiki kwao.