Maswali ya Wasomaji: Suruali Inayokwamisha Msumeno

Masika yakikaribia, kazi za kupunguza matawi na kuangusha miti iliyoegemea nyumba huongezeka hapa Nairobi, kuanzia Karen hadi Muthaiga. Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wanaoshika wenyewe msumeno wa mnyororo (pawasoo), na karibu zote zinahusu kinga ya miguu.

Ninakata miti Lavington na Kileleshwa kwa pawasoo. Meneja wa mtaa mmoja amenizuia getini, eti sina kinga ya miguu. Mimi huvaa jinzi mbili na gambuti. Hiyo kinga inazuia msumeno kweli, ama ni mambo ya makaratasi tu?
*Fundi wa miti, Kangemi*

Inazuia, ila si kwa njia ambayo wengi hudhania. Ndani ya suruali hiyo hakuna bati wala ngozi ngumu. Kuna tabaka kadhaa za nyuzi ndefu na laini, za polista maalumu, nailoni au aramidi (jamii ya Kevlar), zilizolazwa kwa ulegevu chini ya kitambaa cha nje. Mnyororo ukishapasua kitambaa hicho, meno yake huzizoa nyuzi, huzivuta nje kwa urefu wake na kuzipeleka hadi kwenye sproketi, ile gia inayousukuma mnyororo. Hapo nyuzi hujisokota, zinajaza nafasi yote, na mnyororo unakwama. Yote hayo hutokea kabla hujawahi kuachia kichapuzi, kile kibonyezo cha mafuta.

Shika hilo moja, kwamba nguo hii hukwamisha, haikingi kama ngao. Karibu kila jibu lililo hapa chini linatokana nalo.

Sasa jinzi zako mbili. Chukua msumeno wa kawaida wenye sproketi ya meno 7 na mnyororo wa pichi (wastani wa nafasi kati ya ripiti zake) ya inchi 3/8. Kila mzunguko wa sproketi husogeza mnyororo takriban sentimita 13. Injini ikizunguka mara 9,000 kwa dakika, hiyo ni mara 150 kwa sekunde, kwa hiyo mnyororo unakwenda karibu mita 20 kwa sekunde. Kwenye mnyororo huo jino la kukata hupatikana kila baada ya sentimita 3.8 hivi. Maana yake, sehemu moja ya paja lako inapitiwa na meno zaidi ya 500 kwa sekunde moja. Nyuzi za pamba ni fupi na zimefumwa kwa kubana, hivyo hukatwa vipande vipande na hakuna kinachofika kwenye sproketi kuikwamisha. Ukivaa jinzi tatu ni vilevile, isipokuwa utatoka jasho zaidi. Gambuti nalo ni mpira tu, na lile lenye chuma mbele hukinga vidole, si mguu.

Mguu wa kushoto ndio hupigwa zaidi, hasa kuanzia goti hadi katikati ya paja. Msumeno umeundwa ushikwe nyuma kwa mkono wa kulia na mbele kwa wa kushoto, hata kwa mwenye shoto, na anayekata husimama mguu wa kushoto ukiwa umetangulia. Wakati wa kupogoa mti ulioanguka, tawi likikatika ghafla, uzito wote uliokuwa umeegemezwa kwenye tawi hushuka na bapa, ule ubao wa chuma unaobeba mnyororo, huelekea mguu huo. Ajali nyingi za miguu hutokea kwenye kazi hii ya matawi, ambayo mafundi wengi huiona ndogo kuliko kuangusha.

Ukienda kununua utakuta aina mbili: suruali nzima, na chapsi, yaani kinga inayofungwa mbele ya miguu juu ya suruali ya kawaida. Chapsi huvaliwa na kuvuliwa haraka na zinafaa kwa anayekata mara mojamoja. Kasoro yake ni kwamba klipu za nyuma zisipofungwa zote, hasa za chini ya goti, kinga huzunguka na kuuacha ubavu wa mguu wazi. Kwa anayekata siku nzima, suruali ni bora.

Lebo itakuonyesha daraja. Daraja la 1 limejaribiwa kwa mnyororo wa mita 20 kwa sekunde, la 2 kwa mita 24, la 3 kwa mita 28. Piga hesabu ile ya juu kwa msumeno wako: injini ya mizunguko 13,000 yenye sproketi hiyohiyo huzidi kidogo mita 28. Wengi hununua daraja la 1, na kwa kweli kwa mafundi wengi linatosha, kwa sababu ajali nyingi hutokea mnyororo ukiwa umeanza kupunguza mwendo. Hata hivyo hakuna daraja linalotoa uhakika kamili, na hakuna mtengenezaji anayeuahidi.

Meneja hakukosea.

Nimepata suruali ya rangi ya chungwa Gikomba, nzito kidogo, muuzaji anasema ni ya pawasoo. Nitajuaje?
*Msomaji, Eastleigh*

Rangi haithibitishi kitu. Wajenzi wa barabara Ulaya huvaa suruali za chungwa zilezile, na hazina hata uzi mmoja wa kinga. Kuna pia suruali za pikipiki zenye Kevlar ambazo huchanganya wauzaji na wanunuzi. Kevlar ya pikipiki imefumwa kwa kubana ili isikwaruzwe na lami, kwa hiyo haivutiki ikaingia kwenye sproketi.

Tafuta lebo ya ndani, kwa kawaida kwenye kiuno au mshono wa pembeni. Iwe na mchoro wa msumeno ndani ya ngao, namba EN 381-5 kwa suruali za zamani au EN ISO 11393-2 kwa mpya, daraja, na herufi A, B au C. A na B hukinga mbele ya mguu na kuzidi kidogo pembeni, B ikiongeza upande wa ndani wa mguu wa kushoto. C huzunguka mguu wote. Zile za Marekani huandikwa ASTM F1897. Lebo ikiwa imekatwa, iache. Hakuna njia nyingine ya kujua daraja kwa macho.

Lebo ikiwepo, papasa. Bana kitambaa cha mbele kati ya vidole kuanzia chini: tabaka la ndani linapaswa kuanza ndani ya sentimita 5 kutoka kwenye pindo, lipande bila pengo kupita paja hadi juu ya msamba. Lisikike laini na lichezecheze. Likiwa gumu kama kadibodi mahali fulani, hapo pamelowa oili au pameungua. Kisha igeuze ndani nje, utafute mishono ya mkono, viraka, na nyuzi nyeupe au za njano zinazochungulia. Suruali iliyowahi kukwamisha msumeno mara moja imemaliza kazi yake, hata kama tundu ni dogo kama shilingi. Nyuzi za eneo hilo zimekwisha kuvutwa, na huwezi kuzirudisha.

Suruali yangu ni ndefu mno na imechanika goti kwa miiba ya ua. Fundi cherehani anasema ataifupisha na kuishona jioni moja. Pia naomba kujua, inafuliwa kama nguo nyingine?
*Mtunza bustani, Loresho*

Mzuie fundi cherehani kabla hajaanza. Mshono wowote unaopita kwenye tabaka la ndani hulishona kwenye kitambaa, na nyuzi zilizoshonwa haziwezi kuvutika. Umeibadilisha ikawa jinzi nzito. Vivyo hivyo kuikata ifupike: nyuzi zilizokatwa mwisho hutoka zote kwa mkupuo badala ya kusokota. Kama urefu unazidi kwa sentimita chache, acha ikae juu ya buti. Ukizidi sana, badilisha saizi. Pindo lifike juu ya kamba za kiatu unaposimama, na lisiachie wazi ukipiga goti.

Tundu la mwiba ni jambo jingine. Kama kitambaa cha nje tu ndicho kimechanika na hakuna uzi uliochomoza, bandika kiraka kwa gundi ya nguo, si kwa sindano. Usitumie kiraka cha kupigia pasi. Joto la pasi linaweza kuharibu nyuzi zilizo ndani.

Kuhusu kufua, ndiyo, na mara nyingi kuliko mnavyofua. Oili ya mnyororo hurushwa mfululizo kwenye paja, hupenya ndani, huganda na vumbi la mbao, kisha nyuzi hushikamana kama ugali uliolala. Nguo iliyolowa mafuta pia hushika moto upesi karibu na ekzosi. Fuata joto lililoandikwa kwenye lebo. Kama limefutika, maji ya digrii 40 hayatadhuru. Sabuni ya kawaida inatosha. Jiki hapana, kilainisha nguo hapana, brashi ya waya hapana, petroli ya kuondolea oili hapana kabisa. Funga zipu, geuza ndani nje, suuza mpaka maji yawe safi, na uianike kivulini bila kuikamua kwa kuipinda. Juni na Julai inaweza kuchukua siku mbili kukauka. Usiisogeze karibu na jiko.

Nimenunua msumeno wa betri kwa ua wa nyumbani. Ni mdogo na hauna kelele. Bado nahitaji hivi vitu?
*Mwenye nyumba, South B*

Unavihitaji, na ujue pia kwamba kwako vina nguvu ndogo zaidi. Injini ya petroli ikibanwa hupoteza nguvu: klachi huteleza au injini huzima. Mota ya umeme hufanya kinyume, ikibanwa huzidi kusukuma. Nyuzi zinaweza kuingia kwenye sproketi na mota ikaendelea kuzungusha. Ndiyo maana chapsi nyingi zimeandikwa kwamba hazikujaribiwa kwa misumeno ya umeme. Vaa za daraja la juu unaloweza kulipata, lakini usizitegemee: shikilia kwa mikono miwili, simama ili bapa lipite kando ya mwili, usikate chini ya kiuno ukiwa umechuchumaa, na utoe betri kabla ya kugusa mnyororo. Ukimya wa msumeno huu ndio unaowaponza wengi, maana unaonekana umezima kumbe uko tayari.

Nina vibarua watatu na chapsi jozi moja. Anayekata ndiye huvaa. Je, sheria inaniruhusu?
*Mkandarasi wa bustani, Karen*

Kama kweli ni msumeno mmoja na anayeushika ndiye aliyevaa, hilo laweza kukubalika, mradi jozi hiyo inamtosha kila mmoja wao. Mara nyingi haimtoshi. Chapsi za mtu mrefu humburuza mfupi, na za mfupi huacha mundi wa mrefu wazi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inakubebesha wewe mwajiri jukumu la usalama wa wafanyakazi wako, na mfanyakazi naye anawajibika kuvaa alichopewa. Usimkate kibarua mshahara kulipia kinga. Na kwa kuwa Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, nayo ya 2007, inakutaka uwe na bima ya wafanyakazi, soma masharti ya bima hiyo kuhusu mavazi ya kinga kabla hujatuma watu kwenye mti.

Kwenye sanduku la huduma ya kwanza weka bendeji za kukandamiza na mkanda wa kuzuia damu, na uhakikishe watu wawili wanajua kuutumia. Jeraha la paja humaliza damu haraka kuliko gari linavyotoka Karen hadi hospitali wakati wa foleni. Mkanda hufungwa sentimita 5 hadi 8 kutoka kwenye jeraha kuelekea kiunoni, kamwe si kwenye goti lenyewe, na saa iandikwe. Namba ya dharura ni 999 au 112.

Mimi hupanda mti kwa kamba. Chapsi hunasa kwenye matawi. Nifanyeje?
*Mpandaji, Kawangware*

Ziache chini. Juu ya mti vaa suruali ya aina C. Huko unakata ukiwa umepinda, wakati mwingine umekaa kwenye mkanda, na msumeno unaweza kukufikia kutoka nyuma ya mguu, mahali ambapo A na B hazina kitu. Mikanda ya paja ya hanesi (mkanda wa kupandia) ivaliwe juu ya suruali, na uikaze upya baada ya kupanda mita chache, kwa sababu suruali nene hujibana na kulegeza mkanda.

Nikiachia kichapuzi, mnyororo wangu bado unazunguka polepole. Wenzangu wanasema ni kawaida.
*Msomaji, Ruaka*

Si kawaida, na mguu wako ndio ulio jirani na mnyororo huo unapotembea. Safisha kwanza kichujio cha hewa, kisha uwashe injini ipate moto kwa dakika chache. Tafuta skrubu yenye alama LA au T na uizungushe kinyume cha saa, robo kwa robo, hadi mnyororo usimame bila injini kuzima. Ukifika mahali injini inazima kabla mnyororo haujasimama, tatizo linaweza kuwa kwenye klachi: springi zake zimelegea au moja imekatika. Badilisha springi zote kwa pamoja, si ile iliyokatika peke yake. Hadi hapo, breki ya mnyororo iwe imefungwa kila unapopiga hatua zaidi ya mbili.