Impreza ya kazini na ya uwanjani: pedi na diski, na kwa nini diski ndizo za mwisho kununua

Mkuu, hali yako nimeielewa hivi: Subaru Impreza WRX ya 2004 kutoka Japani, kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) za pistoni nne mbele, siku za kazi inakaa kwenye foleni za Nairobi, na mara kadhaa kwa mwaka unaipeleka uwanja wa mbio za magari. Mzunguko wa tatu pedali inazama, ukibana breki kutoka mwendo mkali usukani unatetemeka, na fundi amekushauri uweke diski zenye matundu. Usizinunue kwanza. Breki hufa kwa njia tatu, na hizo diski hazitibu hata moja kati ya hizo ulizonazo.

Pedali ikizama na kuwa laini kama unakanyaga sponji, mafuta ya breki yamechemka. Mafuta hayabanwi lakini mvuke unabanwa, kwa hiyo nguvu ya mguu wako inaishia kuubana mvuke ndani ya kalipa. Pedali ikibaki juu na ngumu huku gari halipungui, hapo ni pedi zimepita kiwango chake cha joto. Usukani ukitetemeka, uso wa diski hauko sawa. Kwa maelezo yako una la kwanza na la tatu. La pili huenda lipo pia, ila mafuta yanawahi kuchemka kabla hujalifikia.

Piga hesabu kidogo uone ukubwa wa kazi. Gari la kilo 1,450 pamoja na dereva, likishuka kutoka kilomita 160 kwa saa hadi 60, linatoa nishati ya kilojuli 1,230 hivi. Tuseme breki za mbele zinabeba asilimia 70: kila diski ya mbele inapokea kilojuli 430. Diski yako ni ya milimita 294 kwa 24, na sehemu yake inayosuguliwa ina chuma cha takribani kilo 5. Kubana mara moja tu kunaipandisha joto kwa nyuzi 170 hivi. Kona inayofuata inakuja kabla haijapoa, na joto linaongezeka juu ya joto. Kusimama kutoka 60 kwenye foleni ni kilojuli 200 kwa gari zima, na baada ya hapo una muda wa kutosha wa kupoa. Isitoshe, Nairobi iko juu sana. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 15, na hewa nyepesi haipozi diski vizuri.

Sasa mafuta, maana hapo ndipo shilingi yako ya kwanza iende. DOT ni daraja la mafuta ya breki. DOT 3 ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzi 205, na ikishavuta maji asilimia 3.7 huchemka kuanzia 140. DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Hivyo ni viwango vya chini vinavyotakiwa, na mafuta ya mbio huvipita mbali: Motul RBF 600 ni 312 yakiwa makavu na 205 yakiwa na maji, Castrol SRF ni 320 na 270. Tazama ile namba ya pili zaidi ya ya kwanza, kwa sababu mafuta haya hufyonza unyevu kupitia mipira na kifuniko cha kopo lake siku zote, hata gari likiwa limeegeshwa. Ya aliyeko Mombasa, Tanga au Zanzibar yatafyonza haraka kuliko yako. Lita moja inatosha kusafisha mfumo wote. Toa hewa kabla ya kila siku ya uwanjani na badilisha yote angalau mara moja kwa mwaka. Usiweke kamwe DOT 5 ya silikoni. Jina lake linafanana na 5.1 lakini hazichanganyiki. Chupa iliyokaa wazi rafu ya gereji kwa miezi, hata kama imejaa nusu, usiipokee.

Ukishaweka mafuta mazuri, nenda kwenye pedi. Hapa watu wengi wanatafuta pedi moja ya kila kazi, na mimi nasema waziwazi haipo. Pedi ya barabarani inauma vizuri ikiwa baridi, haipigi kelele, na inaachia ikifika nyuzi 400 na kitu. Pedi ya mbio halisi, kwa mfano Ferodo DS1.11 au Hawk DTC-60, inataka joto ndipo ifanye kazi yake. Asubuhi ukitoka nyumbani haikatai kusimama, lakini inapiga mluzi kila taa, inatoa vumbi linaloganda kwenye rimu, na kwa kuwa iko baridi inakwangua diski badala ya kuacha utando juu yake. Miezi michache ya foleni na diski imekwisha.

Kwa WRX yenye tairi za kawaida za barabarani, inayokwenda vipindi vya dakika 15, pedi ya kati kama Ferodo DS2500 inakutosha na unaweza kuishi nayo kila siku ukivumilia kelele kidogo. Siku utakapoweka tairi za nusu mbio, mambo yanabadilika: tairi inayoshika zaidi inakuruhusu kubana kwa nguvu zaidi, na joto lote hilo linaenda kwenye breki. Hapo chukua seti mbili, ya barabara na ya uwanja. Kalipa ya pistoni nne unabadilisha pedi bila kuifungua kalipa yenyewe. Unatoa klipu na pini mbili, unarudisha pistoni taratibu, unaingiza pedi. Nusu saa mbele inatosha. Kabla ya kusukuma pistoni nyonya mafuta kidogo kwenye kopo, yasije yakamwagika, kwa kuwa yanakula rangi ya gari. Ukiweza, seti zote mbili ziwe za kampuni moja na za aina inayokubaliana, la sivyo utando wa moja unapigana na wa nyingine juu ya diski ileile.

Nyuma usiweke pedi kali kuliko mbele. Weka aina ileile au iliyo laini kwa hatua moja. Nyuma ikiuma zaidi, gari linageuka ukibana huku unaingia kona, na ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga) haitakuokoa kila mara.

Kuhusu herufi mbili zilizopigwa ubavuni mwa pedi, kama FF au GG: ya kwanza ni msuguano ikiwa ya vuguvugu, ya pili ikiwa moto. E ni 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Zinasaidia kulinganisha pedi za barabarani, lakini kipimo chake hakifiki joto la uwanjani, kwa hiyo usichague pedi ya mbio kwa herufi. Ukinunua Kirinyaga Road au, kwa walioko Dar, Gerezani, kagua pedi yenyewe na si boksi: maandishi yawe yamepigwa au kuchapwa safi, bamba la chuma lisiwe na kingo za kukwaruza, na nyenzo isiwe na ufa pale ilipoungana na bamba. Pedi feki hubanduka kwenye bamba lake ikipata moto, na hilo likitokea kwa kilomita 150 huna breki kwenye gurudumu hilo.

Diski nazo. Nunua diski wazi, isiyo na tundu, ya chuma chenye kaboni nyingi, yenye njia za hewa katikati. Matundu yanapunguza chuma kinachobeba joto, na kila tundu ni mahali ambapo ufa huanzia. Diski zenye mistari iliyochongwa usoni ni sawa, zinafagia vumbi na uso wa pedi uliong'aa, ila zinakula pedi haraka. Kama njia za hewa ndani zimepinda, diski ya kushoto si ya kulia. Angalia upinde wa njia hizo, usiangalie mistari ya juu: njia zinatakiwa zilale kuelekea nyuma gurudumu likizunguka, ili zisukume hewa nje.

Kwa Subaru kuna mitego miwili. WRX ya kizazi chako ina boliti 5x100 (boliti tano kwenye duara la milimita 100), lakini STI, toleo kali zaidi la Impreza, kuanzia modeli ya 2005 ni 5x114.3, na wauzaji wa spea za mtumba huchanganya. Mtego wa pili ni nyuma: breki ya mkono iko ndani ya kofia ya diski (sehemu ya katikati iliyochomoza), na ngoma yake ni milimita 170 kwa WRX na 190 kwa STI. Diski ya nyuma inaweza kukaa kwenye boliti vizuri kabisa halafu breki ya mkono isishike. Ukifikiria kuhamia kalipa za Brembo za STI, diski yake ya mbele ni 326 kwa 30, ina chuma kingi zaidi na hiyo ndiyo faida yake kubwa; utahitaji rimu za inchi 17 zinazopita kalipa. Zina vichuchu viwili vya kutolea hewa kila moja: anza cha nje, malizia cha ndani.

Ule mtetemo wako, watu husema diski imepinda. Mara nyingi haijapinda. Ukiishika kwenye mwanga utaona mabaka, mahali kama alama ya pedi nzima iliyochapwa juu ya chuma, nyeusi kuliko pembeni yake. Hiyo inatokea ukisimama na mguu kwenye breki wakati diski ni ya moto. Kabla ya kuitupa, pima: weka geji ya saa (geji yenye mshale ya kupimia mchezo mdogo) ubavuni, zungusha, na mchezo usizidi milimita 0.05 hadi 0.075. Ukizidi, vua diski, sugua kutu ya habu (kitovu cha gurudumu ambapo diski inakaa) kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, rudisha, pima tena. Punje ya kutu kwenye habu inaleta mchezo mkubwa ukifika ukingo wa diski. Fundi wa lethi (mashine ya kuchongea chuma) anaweza kuichonga diski, lakini usishuke chini ya unene ulioandikwa kwenye diski, kwa yako 22, na ikikaribia hapo ni bora mpya.

Pedi na diski mpya zinakolezwa pamoja, yaani zinapashwa joto ili pedi iache utando ulio sawa juu ya diski. Alfajiri, barabara tupu au mzunguko wa kwanza wa uwanja: bana polepole mara nne au tano kutoka 60 hadi 20, kisha mara nane hadi kumi kwa nguvu kutoka 100 hadi 20, bila kusimama kabisa na bila kuamsha ABS. Harufu ya kuungua itakuja na itapungua. Endesha dakika kumi bila kugusa breki. Uso ulio sawa una rangi moja ya kijivu cha samawati kuanzia ndani hadi nje.

Paka rangi za joto kwenye ukingo wa diski: kijani hugeuka nyeupe kwa nyuzi 430, chungwa kwa 560, nyekundu kwa 610. Baada ya kipindi tazama ipi imekuwa kama chaki. Nyekundu ikiwa nyeupe, pedi ya kati imezidiwa, na kabla ya kununua kali zaidi toa ngao ya vumbi (bamba jembamba nyuma ya diski) na lete hewa kwa bomba la milimita 75 likilenga katikati ya diski, si upande mmoja.

Siku yenyewe, mzunguko wa mwisho usibane breki ila kidogo. Ukiegesha, weka gia na jiwe chini ya tairi, bila breki ya mkono. Pedi ikibaki milimita 5, isirudi uwanjani, kwa sababu ikiwa nyembamba joto linafika kwenye pistoni na mafuta. Nyufa ndogo kama nywele juu ya diski ni kawaida. Ufa unaokamata ukucha au uliofika ukingoni, diski hiyo inatolewa papo hapo na inarudi nyumbani ikiwa kwenye buti, si kwenye gurudumu.